Sura ya Sita: Chekecheke la Kashikishi

Dagaa wa Ziwa Mweru wanaitwa chisense. Huvuliwa usiku kwa taa, na alfajiri mitumbwi inapogusa ufukwe wa Kashikishi, jirani kabisa na boma la Nchelenge nchini Zambia, wanawake huwa wameshafagia viwanja vyao vya kuanikia. Jua likiwaka vizuri, siku moja inatosha. Tatizo ni mchanga. Samaki mdogo kuliko kidole, akianikwa mchangani akiwa mbichi, jioni ananyanyuka amevaa mchanga mwili mzima. Mnunuzi akimtafuna mmoja na meno yakakwaruza, bei imeshaanguka.

Ndiyo maana ufukwe mzima una machekecheke. Nilisimama karibu na mama mmoja aliyekuwa amevuka kutoka upande wa Kongo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni. Alikuwa nayo mawili, moja la matundu madogo na jingine la matundu mapana. Mteja alipofika, alimuuliza swali moja kabla hajagusa chochote: "Ya kula ao ya kuku?" Ya kula, akasema mteja. Mama akachukua lile la matundu mapana, akachekecha mpaka beseni likang'aa. Nikamsifu. Hakuna hata punje ya mchanga, nikamwambia.

Akacheka. "Baba, usitazame beseni. Beseni linapendeza siku zote. Tazama chini."

Chini ya chekecheke palikuwa na kichuguu cha mchanga. Alikipekua kwa vidole, akatoa vichwa, mikia na dagaa wadogo wazimawazima. Akakunja uso, akaliweka kando chekecheke lile.

Sura hii inahusu CT-Scan, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili vipande vipande kama mkate uliokatwa. Lakini nimeianzia ufukweni kwa sababu katika vitabu vyote nilivyosoma kuhusu ubora wa picha za mashine hiyo, sijakuta maelezo mafupi na sahihi kuliko ya mama yule.

Mgonjwa akiandikiwa CT-Scan katika wilaya ya ziwani, kwanza anahesabu safari. Mashine hizi huwekwa katika hospitali kubwa za mijini. Kutoka Nchelenge barabara inashuka kusini kupitia Mwansabombwe, makao ya chifu Mwata Kazembe, kisha Mwense, mpaka Mansa, na anayelazimika kufika Lusaka anakabiliwa na karibu kilomita elfu moja. Anarudi na bahasha kubwa yenye filamu, au CD. Daktari anaibandika filamu dirishani, mwanga wa jua ukiwa ndiyo taa yake, anaipiga picha kwa simu na kumtumia mwenzake wa mbali. Mwenzake anajibu: picha siyo nzuri.

Siyo nzuri kwa lipi? Hapo ndipo penye kazi.

Vikapu vinne

Ili tujue kwa nini picha ya CT inaweza kuharibika, tujue kwanza kwamba haipigwi kama picha ya simu. Inakokotolewa. Mashine haioni ndani ya kichwa chako. Inatuma mionzi ya eksirei kutoka upande mmoja, inapima iliyofika upande wa pili, na kutokana na kilichozuiliwa njiani inapata jumla. Kisha inazunguka kidogo na kupima tena, pembe baada ya pembe. Kompyuta ndiyo inayobaki na kazi ya kuzigeuza jumla hizo ziwe picha.

Tuseme ghalani kuna vikapu vinne vya chisense vilivyopangwa mraba, viwili mbele na viwili nyuma. Huruhusiwi kuingia. Unaruhusiwa tu kuuliza jumla ya mstari mmoja kwa wakati. Unaambiwa mstari wa mbele una kilo 7 na wa nyuma kilo 9. Safu ya kushoto ina kilo 8, na ya kulia pia 8. Kila kikapu kina kilo ngapi?

Mmoja atajibu: mbele 5 na 2, nyuma 3 na 6. Hesabu inakubali. Mwingine atajibu: mbele 4 na 3, nyuma 4 na 5. Nayo inakubali. Maghala mawili tofauti, jumla zilezile. Lakini uliza mara moja tu kwa mshazari, kutoka kikapu cha mbele kushoto mpaka cha nyuma kulia, uambiwe ni kilo 11, na mzozo umekwisha: jibu la kwanza ndilo sahihi, kwa sababu 5 na 6 ni 11, ilhali 4 na 5 ni 9. Pembe moja ya ziada imefichua kilichokuwa kimejificha. Mashine halisi hufanya hivyohivyo kwa pembe mamia kwa mamia, na vikapu vyake ni miraba midogo 512 kwa 512, yaani zaidi ya robo milioni katika kipande kimoja cha picha.

Sasa mpimaji ateleze. Ule mshazari badala ya kilo 11 aandike 12. Ukirudia hesabu utapata mbele 5.5 na 1.5, nyuma 2.5 na 6.5. Kosa la kilo moja, lililofanyika kwenye swali moja, limeingia katika vikapu vyote vinne, nusu kilo kila kimoja, huku likiongeza na kule likipunguza. Katika picha ya CT makosa madogo ya namna hii hutokea katika kila kipimo, nayo husambaa picha nzima na kuonekana kama vitone vyeusi na vyeupe vilivyotapakaa bila mpango. Aliyekulia kwenye televisheni za antena anavijua, na jina lake analo: chenga.

Chenga hazitokani na uzembe. Eksirei hufika kwenye kipimio kama matone ya mvua juu ya bati, kwa bahati, siyo kwa foleni. Ukitarajia matone 100, leo utapata 93 na kesho 108. Yumbayumba hiyo ni kama 10, yaani asilimia 10. Ukitarajia 10,000, itayumba kwa 100, asilimia 1 tu. Mionzi ikiongezeka, picha inatulia. Lakini bei yake ni kali: ukitaka chenga zipungue nusu, lazima dozi ya mionzi iongezwe mara nne, na mionzi hiyo inapita ndani ya mtu. Kwa mtoto, ambaye seli zake bado zinagawanyika kwa kasi na ana miaka mingi mbele yake, dozi ndiyo jambo la kwanza kufikiriwa.

Na nafasi ya kukosea ni ndogo. Kila mraba wa picha hupewa namba kwenye kipimo kilichopewa jina la Mwingereza Godfrey Hounsfield. Maji ni 0 na hewa ni kasoro 1,000. Mafuta yako karibu na kasoro 100, mfupa mgumu hupanda mpaka 1,000 na zaidi. Ubongo wenyewe umebanana kati ya 30 na 40 hivi, na damu mbichi iliyovuja haiko mbali sana juu yake. Tofauti ya tishu mbili za ubongo inaweza isifike namba 10. Chenga zikiyumba kwa namba 10, tofauti hiyo imezama.

Kijiti cha Cape Town

Hounsfield aligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 na mtu wa bara letu. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg, na mwaka 1956 alikuwa mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Hospitali ya Groote Schuur ilimhitaji kwa siku moja na nusu kwa wiki, kwa kuwa sheria ilitaka matumizi ya isotopu yasimamiwe na mwanafizikia. Akiwa pale aliona jinsi dozi za kutibu saratani zilivyokuwa zikipangwa kana kwamba mwili wa binadamu ni kitu kimoja mwanzo hadi mwisho, mfupa na pafu sawasawa. Akajiuliza: je, mtu anaweza kupima kutoka nje na kujua kila sehemu ya ndani inazuia mionzi kiasi gani?

Alijaribu kwa kitu rahisi, silinda ya alumini iliyozungushiwa mbao. Akapitisha mionzi, akapima, akakokotoa. Majibu yalitoka vizuri: namba ya alumini mahali pake, namba ya mbao mahali pake. Isipokuwa katikati kabisa. Pale kitovuni namba ilishuka kidogo kuliko ilivyotakiwa.

Mtu mwenye haraka angesema ni hitilafu ya vipimo, angelainisha namba ile ifanane na jirani zake na kuendelea. Cormack alikwenda karakana kuuliza. Huko akagundua kwamba ile silinda ilikuwa na kijiti katikati, ambacho yeye hakuambiwa, na kijiti hicho kilizuia mionzi kwa kiasi pungufu kidogo kuliko alumini iliyokizunguka. Hesabu ilikuwa imekiona kitu ambacho mwenye kifaa hakujua kipo.

Kisa hiki husimuliwa kama mwanzo wa CT. Mimi nakisoma pia kama mwanzo wa tathmini ya ubora wa picha zake. Kile kilichoonekana kama doa kilikuwa ukweli. Njia yoyote ya kutengeneza picha, iwe na jina gani, sharti ijibu swali la kijiti: ikikutana na kitu kidogo, hafifu, kisichotarajiwa, inakiacha kionekane au inakisawazisha?

Cormack alichapisha kazi yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Kati ya waliomwandikia walikuwemo watafiti wa Uswisi waliokuwa wakichunguza theluji inayoporomoka milimani. Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, alifika palepale kwa njia yake mwenyewe, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Picha hiyo ilikuwa na miraba 80 kwa 80 tu.

Kupaka, kuchuja, kubahatisha

Njia iliyotawala hospitali kwa miongo mingi ni ya kupaka na kuchuja. Chukua kivuli cha kila pembe, kirudishe mwilini kwa kukipaka kwenye njia nzima ulikopita mwale. Ukirudia kwa pembe zote, mahali penye kitu kigumu rangi hurundikana. Lakini inarundikana na ukungu, kwa sababu umepaka hata mahali pasipostahili. Kwa hiyo kabla ya kupaka, kila kivuli huchujwa ili kingo zake ziwe kali. Msingi wa hesabu hii uliwekwa na Johann Radon wa Austria mwaka 1917, muda mrefu kabla mashine haijakuwepo.

Hapa chekecheke linarudi, sasa kwa jina la chujio. Chujio kali huonyesha ufa mwembamba wa mfupa, lakini hukuza chenga pia. Chujio laini hutuliza chenga, lakini hufifisha kingo. Vipimo ni vilevile, mgonjwa ni yuleyule, na picha ni mbili tofauti. Ndiyo maana fundi wa radiolojia hutengeneza picha za mfupa kivyake na za ubongo kivyake kutokana na mzunguko mmoja wa mashine. Njia hii ina kasoro zake, ila ni nyoofu: unajua inachofanya, na kwa picha yoyote inakifanya vilevile.

Njia ya pili hufanya kama fundi cherehani. Anakata gauni kwa kukisia, anamvalisha mwenyewe, anatia pini panapobana, anavua, anarekebisha, anavalisha tena. Kompyuta huanza na picha ya kubahatisha, inajiuliza: mwili ungekuwa hivi, vipimio vyangu vingeonyesha nini? Inalinganisha na vilivyopimwa kweli, inarekebisha, inarudia. Hounsfield mwenyewe alianza na njia ya jamii hii. Iliachwa kwa sababu picha zilivyokua kompyuta zilichelewa mno, ikarudi hospitalini kuelekea mwaka 2010, kompyuta zilipopata nguvu na wasiwasi juu ya dozi ulipoongezeka.

Ndani ya njia hiyo kuna kanuni inayostahili kuangaliwa kwa makini. Kompyuta huambiwa: majirani wafanane. Mraba ukitofautiana kidogo na wenzake, huenda ni chenga, utulize. Ukitofautiana sana, ni ukingo halisi, uache. Ni kanuni ya busara. Lakini uvimbe mchanga kwenye ini nao hutofautiana kidogo. Kijiti cha Cormack kilitofautiana kidogo.

Njia ya tatu, iliyoanza kuuzwa na watengenezaji wakubwa mwaka 2019, ni ya akili bandia. Programu hufundishwa kwa picha nyingi sana zenye chenga pamoja na nyingine safi, mpaka izoee kugeuza za kwanza zifanane na za pili. Matokeo yake yanavutia mno. Ila programu hiyo imejifunza jinsi miili inavyoonekana kwa kawaida, na mgonjwa mara nyingi amekuja kwa sababu mahali fulani mwili wake si wa kawaida.

Namba zinazodanganya

Sasa tuzipime. Jambo la kwanza ambalo kila mtu hufanya ni kuweka fantomu mahali pa mgonjwa. Fantomu ni kopo la plastiki lenye maji, na ndani yake vitu vinavyojulikana ukubwa na namba zake. Unachora duara kwenye picha ya maji na kuangalia namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wake. Hapo umepima chenga. Unaangalia mistari iliyobanana na kuona ni ipi bado inatenganishika. Hapo umepima ukali. Unatafuta visahani hafifu na kuhesabu unavyoviona.

Kwa njia ya kupaka na kuchuja, vipimo hivi vilitosha kwa miaka mingi. Njia mpya zilipokuja, vikaanza kutudanganya, na namna vinavyodanganya inafaa kuonwa kwa karibu.

Chukua picha mbili za maji. Ya kwanza ina chenga ndogondogo, kali, kama unga wa sembe uliomwagika juu ya kitambaa cheusi. Ya pili imesafishwa, na chenga zimepungua nusu kwa hesabu ya duara. Namba inasema ya pili ni bora maradufu. Lakini itazame: chenga zilizobaki si unga tena, zimekuwa madoa mapana, malaini, kama nta iliyoyeyuka. Na uvimbe hafifu wa ini huonekanaje kwenye CT? Kama doa pana, laini. Njia mpya imefuta chenga ambazo hazikuwa zikimsumbua daktari na kubakiza zile zinazofanana na ugonjwa. Duara haliwezi kulijua hilo, kwa sababu linahesabu wingi wa chenga na si umbo lake.

Ukali nao una hila yake. Ukingo wa mfupa, ambao tofauti yake ni kubwa, njia mpya inauacha mkali kabisa. Muuzaji akikuonyesha mistari ya fantomu utapiga makofi. Lakini njia ileile, picha ileile, inaweza kufifisha ukingo wa kitu hafifu kilicho jirani. Ukali umekuwa na namba nyingi, kutegemea unaangalia nini na kwa dozi gani. Anayekupa namba moja amekupa ile inayompendeza.

Wanafizikia wa tiba wakarudi kwenye somo la Vita Kuu ya Pili, walipokuwa wakichunguza wasomaji wa rada. Doa kwenye skrini ni ndege au ni chenga? Msomaji anaweza kukosea namna mbili: kutokuona ndege iliyopo, au kupiga king'ora kwa ndege isiyokuwepo. Ukimsifu kwa ndege alizoziona tu, atapiga king'ora kila dakika na kupata alama zote. Kwa hiyo makosa yote mawili huhesabiwa pamoja. Ndivyo inavyofanywa sasa kwa CT. Wasomaji hupewa picha, nyingine zina uvimbe uliopandikizwa na nyingine hazina, wao hawajui zipi, na majibu yao hulinganishwa njia kwa njia, dozi kwa dozi. Kwa kuwa madaktari huchoka na ni wachache, zimetungwa pia programu zinazoiga jicho la msomaji.

Tafiti za namna hii kuhusu uvimbe mdogo wa ini zimerudi na jibu la kunyenyekeza: njia mpya zinaruhusu dozi ipunguzwe kiasi, lakini ikipunguzwa mno uvimbe hafifu hupotea, hata kama picha yenyewe inaonekana safi. Kilichopotea wakati wa kupima hakirudishwi na hesabu. Ghala la vikapu vinne lisilopimwa mshazari halifunguki kwa ujanja.

Yule mama wa Kashikishi aliuliza kabla ya kuchekecha: ya kula au ya kuku? Dagaa walewale, mchanga uleule, ubora tofauti. Picha inayotosha kutafuta jiwe la figo, ambalo hung'aa kama taa, inaweza isitoshe kutafuta uvimbe wa ini. Mpaka uulize swali, picha haina ubora wala ubovu.

Mbale

Mfano ninaoupenda kuliko yote ulifanyika Afrika Mashariki. Mbale, chini ya Mlima Elgon nchini Uganda, kuna hospitali ya CURE, ambayo kwa zaidi ya miaka 20 imepokea watoto wenye ugonjwa wa kichwa kikubwa. Maji ya ubongo yanakosa njia, yanajaa, yanausukuma ubongo ukutani, na fuvu laini la mtoto linatanuka. Kwa Uganda chanzo kikubwa ni maambukizi ya utotoni. Ni hapo Benjamin Warf, daktari wa upasuaji kutoka Marekani, alipokuza upasuaji unaoyafungulia maji njia bila kuwaachia watoto mrija wa kudumu, na mwaka 2017 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliolinganisha upasuaji huo na mrija kwa watoto 100.

Watoto hao wanahitaji picha ya CT, wengine mara kadhaa. Watafiti waliofanya kazi na hospitali hiyo, kundi la Steven Schiff, waliuliza swali linalostahili kuulizwa kila mahali penye mashine chache: tukishusha ubora wa picha, ni wapi hasa daktari atashindwa kufanya kazi? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 walichukua picha nzuri za CT za watoto, wakaziharibu kwa makusudi. Nyingine walipunguza ukali, nyingine waliongeza chenga, nyingine walififisha tofauti kati ya ubongo na maji. Kisha baadhi ya hizo mbovu wakazipa akili bandia izisafishe.

Zote zikapelekwa kwa madaktari watatu wa upasuaji wa ubongo wa watoto, wazoefu wa kazi katika nchi zenye rasilimali chache. Hawakuulizwa kama picha inapendeza. Waliulizwa kama wangeitumia kupanga matibabu.

Majibu yalikuwa mawili. Kwanza, picha ambazo kwa kawaida zingetupwa kwa ubovu zilitosha. Daktari wa kichwa kikubwa anataka kujua maji yako wapi, ubongo umebaki na unene gani, na kama kuna kuta nyembamba zilizoyagawanya maji vyumba vyumba. Maswali hayo yanavumilia chenga. La pili ndilo lililonifanya niandike sura hii. Picha zilizosafishwa na akili bandia zilionekana bora, na madaktari walizitamani. Lakini zilipowekwa kando ya picha halisi za watoto walewale, zilikutwa na makosa ya maumbo, makosa yanayoweza kumpotosha anayepanga upasuaji. Hitimisho la watafiti lilikuwa kwamba picha mbovu inaweza kuwa afadhali kuliko iliyorembwa.

Fikiria maana yake. Daktari anayetazama picha yenye chenga anajua asichokijua. Pale penye ukungu anasita, anaomba kipimo kingine, anaingia chumba cha upasuaji akiwa na tahadhari. Aliyepewa picha safi yenye ukuta usiokuwepo, au iliyofuta ukuta uliopo, hasiti. Chenga zilikuwa onyo, na onyo limefutwa pamoja nazo.

Tazama chini

Kuna kipimo kimoja kinachoweza kufanywa na mtu yeyote mwenye picha mbili na kompyuta ya kawaida. Chukua picha kabla ya kusafishwa na baada ya kusafishwa. Toa moja kwenye nyingine, mraba kwa mraba. Kinachobaki ni kile kilichoondolewa. Kama njia ni nzuri, utaona chenga tupu, mchanga usio na umbo. Kama katikati ya mchanga huo unaona mstari wa fuvu, mpaka wa ini, kivuli cha mshipa, basi dagaa wameanguka na mchanga.

Mama hakuwahi kusoma hesabu za Radon. Lakini anajua kwamba chekecheke halitathminiwi kwa beseni. Kila muuzaji wa mashine atakuonyesha beseni.

Nchelenge malaria haina msimu wa kupumzika. Wilaya hii ni miongoni mwa maeneo ambako watafiti wa ugonjwa huo wamepiga kambi kwa miaka. Mtoto anayedegedeka usiku huku anaweza kuwa na malaria ya ubongo, au homa ya uti wa mgongo, au damu kichwani baada ya kuanguka. Kwa mwenye swali la damu, picha yenye chenga nyingi bado inaweza kujibu. Kwa mwenye swali la uvimbe mdogo, picha ileile ni kimya. Kwa hiyo karatasi inayosafiri na mgonjwa mpaka mjini ingefaa iandikwe swali lenyewe, siyo jina la kipimo tu, ili anayebonyeza vitufe ajue ni ya kula au ya kuku. Na CD inayorudi ingefaa ibebe picha za njia ya zamani pamoja na zilizosafishwa, ili daktari wa huku naye apate chini pa kutazama.

Jioni upepo wa ziwa ulianza kuvuma, na kwenye viwanja vingi vichuguu vya mchanga vikaanza kupeperuka. Mama wa Kongo alikuwa bado amechuchumaa kwenye chake, chekecheke la matundu madogo mkononi, akikichekecha upya. Alipomaliza alikuwa ameokoa viganja viwili vya chisense, kutoka mahali ambapo mimi, niliyekuwa nikitazama beseni, nisingedhani kuna kitu.